Kichakataji kilale fofofo au mang'amung'amu?

Kwa watumiaji wa Linux swali hili halikomi: kichakataji kisipokuwa na kazi, tukiache kishuke hadi C6, yaani usingizi mzito, au tukizuie kwenye C1, usingizi mwepesi?

Kwa umeme, C6 inashinda bila ubishi. Kwenye C1 kiini, yaani kimoja cha vitengo vya kazi ndani ya kichakataji, kinasimamishiwa tu saa yake, yale mapigo yanayoendesha kazi zake. Kwenye C6 hali yake inahifadhiwa kando, kisha kinakatiwa umeme karibu wote. Laptopu isiyo na kazi inapoa, feni inanyamaza. Tena viini vilivyolala fofofo vinaacha nafasi ya umeme na joto, hivyo kile kilicho kazini kinaweza kupanda kasi zaidi. Wengi wanaozima C6 wakitafuta kasi hulisahau hili.

Kwa wepesi wa kuamka, C1 iko mbele. Dereva ya intel_idle, inayosimamia usingizi wa vichakataji vya Intel kwenye Linux, inaikadiria kuamka kwa mikrosekunde 2, na C6 ya seva za Intel za kizazi cha Skylake 133. Anayesoma barua pepe hatazihisi. Anayerekodi muziki anaweza kusikia sauti ikikatika.

Uthabiti nao? Laptopu yangu ya zamani ilikuwa ikiganda ghafla, kishale hakisogei. Nilipoongeza intel_idle.max_cstate=1, yaani kisilale zaidi ya C1, kwenye GRUB, programu inayoanzisha Linux, ikatulia, ila betri ikawa inaisha mapema.

Basi anayeishi kwa betri au sola aiache C6. Mwenye studio au seva ya miamala ya haraka ajaribu kwanza kuizima C6 kwa faili ya disable ya kila kiini, chini ya /sys/devices/system/cpu, kisha apime. Hana haja hata ya kuwasha mashine upya.