Bei inayoshuka na tofauti inayorudishwa: uzoefu wangu wa kununua tiketi za Northwestern kwa mnada

Chuo Kikuu cha Northwestern kiko Evanston, mji unaopakana na Chicago kwa upande wa kaskazini. Mwaka 2013 chuo hicho kilianza kuuza sehemu ya tiketi za michezo yake kwa mnada uliopewa jina la Purple Pricing, kwa kufuata rangi ya zambarau ambayo ndiyo rangi ya timu zake. Nilinunua tiketi kwa njia hiyo mwaka huohuo wa kwanza, na tangu wakati huo nimenunua tiketi za michezo ya vyuo kwa njia nyingine kadhaa: kwa bei iliyopangwa tangu mwanzo wa msimu, kwa bei inayobadilika kila mara unapofungua ukurasa, na kwa watu wanaouza tena tiketi walizonunua wao kwanza. Naandika, basi, nikiwa na mambo ya kulinganisha, na maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi: katika njia zote hizo, mnada huu ndio ulionipa heshima yangu kama mnunuzi, na heshima hiyo ilitokana na sharti moja ambalo likiondolewa, hakuna sababu ya kuusifu tena.

Mnada tulioukulia wengi wetu ni ule wa bei kupanda. Pale Feri, Dar es Salaam, samaki huwekwa mezani, dalali akataja bei ya kuanzia, wanunuzi wakapandishiana mpaka anabaki mmoja. Mnada wa Northwestern ulikwenda kinyume. Kila sehemu ya uwanja ilitangaziwa bei ya juu siku ya kwanza, kisha bei hiyo ikawa inateremshwa kadiri siku zilivyosonga, na mnunuzi aliingia wakati wowote aliporidhika nayo. Kuuza kwa kushuka namna hiyo si jambo geni duniani. Waholanzi huuza maua yao Aalsmeer kwa saa kubwa ambayo bei yake huteremka hadi mmoja abonyeze kitufe, na ndiyo maana wachumi huuita mnada wa Kiholanzi. Tofauti ni kwamba kwenye maua, anayebonyeza mapema hulipa bei ya juu na biashara imekwisha. Kwa Northwestern, aliyenunua mapema hakubaki na bei ya mapema. Mauzo yalipofungwa, kila aliyekuwa na tiketi katika sehemu moja ya uwanja alitozwa bei ya chini kabisa iliyouzwa katika sehemu hiyo, na kila aliyekuwa amelipa zaidi alirudishiwa tofauti yake.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Tuseme viti vya sehemu fulani vinaanza kwa dola 150. Mtu wa kwanza ananunua siku hiyohiyo. Mimi nasubiri, nanunua bei inapofika dola 110. Viti vya mwisho vinachukuliwa kwa dola 70. Hapo yule wa kwanza anarudishiwa dola 80, mimi narudishiwa dola 40, na sote tunakuwa tumelipa sawa na yule aliyekuja mwisho.

Waliobuni utaratibu huu ni wachumi wawili wa chuo chenyewe, Jeff Ely na Sandeep Baliga, ambao kazi yao ya kitaaluma inahusu namna watu wanavyoamua mambo wanapojua kwamba na wengine nao wanaamua. Ulijaribiwa kwanza kwenye mpira wa kikapu, katika ukumbi wa Welsh-Ryan Arena, mwishoni mwa msimu wa 2012–2013, kisha majira ya vuli ukapelekwa kwenye kandanda ya Kimarekani, ambako umati ni mkubwa mara nyingi zaidi. Wazo la wote kulipa bei moja lilikuwa limekwishafanyiwa kazi penye fedha nzito: Hazina ya Marekani imekuwa ikiuza hati zake zote za dhamana kwa namna hiyo tangu mwaka 1998, na Google ilipouza hisa zake kwa umma mara ya kwanza mwaka 2004 ilitumia mnada wa jamii hiyohiyo. Kilichokuwa kipya ni kumkabidhi chombo hicho mzazi anayetaka kuwapeleka watoto mpirani Jumamosi.

Niliyoyaona katika kuutumia yanaanzia nyumbani, kabla ya kufungua ukurasa wa tiketi. Katika mauzo ya kawaida, mazungumzo yetu mimi na mke wangu huwa ni ya kubahatisha. Tununue leo au tungoje? Je, wiki ijayo itapanda? Je, tukinunua leo halafu jirani akapata kwa nusu, tutajisikiaje? Maswali hayo yote yanahusu watu wengine, na hatuna namna ya kuyajibu. Sharti la kurudishiwa tofauti liliyaondoa mezani. Lililobaki lilikuwa swali letu wenyewe, nalo lina jibu: mchezo huu kwetu una thamani gani? Tulikubaliana kiasi ambacho tungekitoa bila kinyongo hata kama kisingepungua, tukangoja bei ifike hapo, tukanunua. Baada ya hapo bei ilipoendelea kushuka tulikuwa tukiitazama kwa furaha, kwa sababu kila ilivyopungua ilipungua kwetu pia. Tofauti ilirudi kwenye kadi ileile tuliyolipia, bila kuandika barua wala kupiga simu.

Nataka nikae kidogo kwenye hilo la utulivu wa moyo, kwa kuwa wanaouza tiketi mara nyingi hulichukulia kuwa jambo dogo. Mtu anaweza kulipa bei kubwa na akaridhika. Kinachomuuma ni kugundua, akiwa ameketi kwenye kiti chake, kwamba aliye pembeni yake kwenye safu ileile, anayeona mchezo uleule, amelipa theluthi ya fedha yake kwa sababu tu alingoja au alibahatika. Hali hiyo humfundisha mshabiki kumvizia muuzaji, na muuzaji naye humvizia mshabiki. Nilipokaa uwanjani nikijua kwamba sehemu yetu nzima imelipa sawa, nilijihisi kama mtu aliyealikwa pamoja na wengine. Shemeji yangu, ambaye hapendi kabisa habari za kununua vitu mtandaoni, aliuliza tumelipa kiasi gani, akamuuliza na mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu, na majibu yakalingana. Aliniambia palepale kwamba mwaka utakaofuata tumhesabu.

Mchezo wenyewe ulikuwa ule wa tarehe 5 Oktoba 2013 dhidi ya Ohio State, timu ya chuo kikuu cha jimbo la Ohio, kwenye uwanja wa Ryan Field, uliokuwa na nafasi ya watu 47,130. Ulichezwa usiku, timu zote mbili zikiwa hazijafungwa msimu ule, na Northwestern waliongoza kwa 20 kwa 13 wakati wa mapumziko kabla ya kushindwa kwa 40 kwa 30. Anayejua kandanda ya ukanda huu anajua kwamba tiketi za siku kama ile ndizo walanguzi huzisubiri mwaka mzima.

Hapo ndipo mnada huu unapofanya kazi ambayo bei ya kupangwa haiwezi. Chuo kikipanga bei ya chini kwa mchezo mkubwa, huruma hiyo haimfikii mshabiki. Humfikia mwenye kompyuta ya haraka, anayezizoa tiketi asubuhi na kuziuza jioni kwa mara tatu. Bei inapoanzia juu na kushuka, mlanguzi hana pa kupata faida ya uhakika, kwani akinunua mapema wenye hamu kuliko wote wamekwishapewa nafasi ya kununua wenyewe, na akingoja bei ishuke, wateja wake wanaiona bei hiyohiyo kwenye ukurasa uleule. Fedha ambayo ingeliwa njiani inabaki kwa chuo. Sioni ubaya katika hilo, maana chuo ndicho chenye uwanja na timu.

Lipo lakini jambo ambalo mnada hauwezi kulitibu. Chicago imejaa wahitimu wa vyuo vya ligi ya Big Ten kutoka majimbo ya jirani, nao huja Evanston kwa maelfu timu zao zinapocheza. Bei inayofuata thamani haina macho ya kuona rangi ya fulana, na usiku ule nyekundu ya Ohio State ilikuwa nyingi mno kwenye majukwaa. Wapo wenyeji waliolalamika kwamba chuo kimeuza uwanja wake kwa wageni. Nawaelewa. Hata hivyo, wageni wangekuja kwa njia yoyote ile, na kwa njia ya walanguzi wangekuja huku chuo hakipati kitu.

Kwa kulinganisha, nitaje mifumo mingine niliyopitia. Bei zinazobadilika kwa kufuata mahitaji zilianza kushika kasi kwenye michezo ya Marekani pale San Francisco Giants, timu ya besiboli, walipozijaribu kwenye sehemu ya viti vyao mwaka 2009 na kuzieneza uwanja mzima mwaka 2010. Zina faida moja ya kweli: siku ya mchezo usio na mvuto, bei hushuka na familia ikapata nafasi. Ila mnunuzi wa mapema hana kinga yoyote, kwani bei ikianguka baada ya yeye kulipa, hasara ni yake. Kuhusu kununua kwa wauzaji wa pili, nilikutana na ukurasa mmoja, ambao sitautaja, uliotangaza bei moja mwanzoni kisha ukaongeza ada baada ya ada hadi hatua ya mwisho ya malipo, na nikaufunga bila kununua. Mnada wa bei moja, wenye ahadi iliyoandikwa waziwazi kwamba utalipa ya chini kabisa, hauachi nafasi ya mchezo wa namna hiyo.

Kasoro zake nazijua pia, na mnunuzi afaa kuzijua kabla hajaingia. Ya kwanza ni kwamba sharti hili hulinda fedha lakini halilindi kiti. Sisi tulitaka viti vinne vinavyofuatana, na kadiri tulivyongoja, viti vya pamoja vilizidi kupungua na kubaki kimoja huku na kimoja kule. Mtu anayekwenda peke yake anaweza kungoja mpaka bei yake ifike. Mwenye watoto wadogo analazimika kununua mapema zaidi kuliko angependa, akitumaini kurudishiwa baadaye. Ya pili inatokana na hiyo ya kwanza: anayenunua mapema hutoa fedha yote leo, na fedha hiyo hukaa kwa muuzaji mpaka mauzo yafungwe. Kwa mwenye nafasi si tatizo. Kwa mtu anayehesabu mshahara wa mwezi, dola 80 atakazorudishiwa baadaye si sawa na dola 80 alizo nazo mkononi, na hivyo usawa wa bei mwishoni unaficha tofauti iliyokuwapo mwanzoni.

Ya tatu naiona nzito kuliko zote. Anayeamua bei ishuke kwa kasi gani, na isimame wapi, ni muuzaji. Anaweza kuisimamisha na kuacha viti vikae wazi kuliko kuvitoa kwa bei ndogo, na sababu za kufanya hivyo zinaeleweka: wapo walionunua tiketi za msimu mzima kwa kuamini kwamba wamepata unafuu, nao watakasirika wakiona mchezo mmoja mmoja unauzwa kwa chini ya walicholipa. Lakini mnunuzi anayengoja anahitaji kujua tangu siku ya kwanza kama upo mpaka ambao bei haitauvuka, ili asingoje kitu ambacho hakitakuja. Mnada wowote wa bei kushuka usiotangaza mpaka wake, mimi nisingeuamini, hata kama tofauti inarudishwa.

Swali ambalo watu huniuliza ni kama mfumo huu unawafaa wenye kipato kidogo. Jibu langu ni kwamba unawafaa katika michezo ya kawaida na hauwafai katika michezo mikubwa. Timu dhaifu inapokuja Novemba, baridi ya Ziwa Michigan imekwishaanza na viti vimebaki maelfu, bei hushuka mpaka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kwenda, na hata waliomtangulia hurudishiwa. Inapokuja timu inayotafutwa na kila mtu, bei husimama juu, na mnada unasema hivyo waziwazi. Chuo kinachotaka watoto wa mtaani kwake waione timu kubwa hakina budi kuwatengea viti nje ya mnada, kwa bei ndogo iliyopangwa, kama ambavyo wanafunzi wa vyuo huwa na utaratibu wao.

Ryan Field niliyoizoea, karibu na kituo cha treni cha Central, ilibomolewa mwaka 2024 ili kupisha uwanja mpya uliopangwa kuwa na viti takriban 35,000. Viti vikipungua kwa zaidi ya 10,000, ugomvi wa nani akae wapi na kwa bei gani utakuwa mkali zaidi. Maombi yangu kwa watakaopanga bei za uwanja huo ni matatu: waweke sharti la wote katika sehemu moja kulipa bei ya chini kabisa, watangaze mapema mpaka wa bei, na waruhusu familia kutoa malipo ya awali kwa viti vya pamoja badala ya kutoa fedha yote siku ya kwanza. Wakifanya hivyo, nitanunua kwao moja kwa moja, na shemeji yangu pia.