Nimechangia njia ya ski miaka mitatu, leo naambiwa nikashike koleo

Naandika damu bado inachemka, kwahiyo mkiona naruka ruka mnivumilie. Nyota moja kwa hii klabu ya njia ya ski. Na hiyo moja ni ya kakao ya moto waliyompa mwanangu.

Niko Norwei mwaka wa sita huu, bonde moja hivi kama masaa matatu kwa gari kutoka Oslo. Mimi mtu wa Moshi, theluji nimekua nikiiona kule juu Kibo kama picha ya kalenda, sikuwaza ipo siku itaniuma vidole. Ski, zile mbao mbili ndefu za kuvaa miguuni uteleze kwenye theluji, nimejifunza ukubwani, nimeanguka mbele ya watoto wa chekechea wanaonipita kama swala, nikavumilia na sasa siambiwi kitu. Kilichoniteka ni ile njia yenyewe. Ukiwahi asubuhi kabla mtu hajapita, mashine imetoka kutandaza, theluji imelala mistari mistari kama kichwa kilichosukwa twende kilioni, na pembeni imekatwa mifereji miwili sawasawa ya kuingizia ski. Unaingiza, unasukuma fimbo mara moja, njia inakubeba yenyewe. Kimya mpaka unasikia pumzi yako. Hapo huniambii kitu kuhusu Norwei.

Sasa kwa asiyejua, huku bondeni hii njia haitengenezwi na serikali, ni klabu ya kijiji, watu wa kujitolea. Na hawawezi kuweka geti wakakutoza, sheria yao ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kupita porini na milimani bure. Kwahiyo wanabandika kibao pale parking chenye namba ya Vipps, ambayo ni M-Pesa yao tu, ukijisikia unatuma, usipojisikia unapita na hakuna wa kukuuliza. Mimi natuma. Kroner mia kila nikienda na familia, miaka mitatu. Tena hata kwenye Lotto yao nimejaza jina la klabu, maana huku ukicheza kamari ya taifa asilimia 7 ya pesa uliyoweka inaenda kwenye klabu utakayochagua. Mpaka dhambi zangu zinawachangia (mama watoto asisome hapa).

Haya. Jumamosi moja ya hivi karibuni, baridi nzuri, naangalia ramani yao kwenye simu, inaonyesha mashine imepita alfajiri, njia nzima mpaka kule ziwani. Nikambeba binti yangu wa miaka tisa, chungwa mfukoni, huyo. Kilomita ya kwanza tamu. Ya pili tamu. Tunakata kona kwenye misonobari, mtoto yuko mbele, nasikia anasema, "Baba, njia imeisha."

Imeisha kweli. Sio imeharibika, IMEISHA, kama mtu kakata kitambaa kwa mkasi. Mbele theluji laini ya juzi, ukikanyaga unazama mpaka goti, na katikati doa la mafuta mekundu limesambaa kwenye weupe kama mtu kachinja kuku. Mtoto akaingia nalo doa, suti yake ya bluu mpya ikapata ramani. Kurudi nyuma upepo unatupiga usoni, analia, chungwa limeganda, mimi nahesabu zile mia mia zangu zote kichwani.

Kufika parking tukakuta lile likatapila lao la kutandaza theluji limesimama, mzee kainama chini ya kile kisagio cha nyuma, mikono myeusi tii. Umri wa baba yangu kabisa, ingekuwa nyumbani ningeanza na shikamoo, lakini huku hawana hiyo, nikasema hei. Nikamuuliza kwa adabu zote, na Kinorwei changu sio kibaya, mbona ramani imesema njia iko tayari mpaka ziwani na sisi tumekuta nusu, halafu nimelipa?

Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Hujalipa. Umetoa. Hii ni dugnad, sio duka. Koleo liko pale."

Dugnad, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea! Ananifundisha MIMI dugnad! Mtu wa Kilimanjaro! Sisi mifereji ya maji, ile mifongo ya wazee wetu inayoshuka kutoka msituni, imechimbwa na kutunzwa kwa msaragambo tangu enzi za babu wa babu. Asubuhi inapigwa mbiu, unachukua jembe unaenda kutoa matope, usipotokea unatozwa, enzi hizo debe la mbege. Na maji yasipofika shambani kwako unapanda juu unauliza, na unajibiwa kama mtu! Hajawahi mzee yeyote kuniambia eti maji nimepewa tu nishukuru.

Kilichoniuma zaidi ni alivyomalizia. Akanitazama sasa, akatabasamu kidogo, akasema nina moyo kama yule Boit. Jamani. Kila mzee wa huku akisikia Afrika Mashariki lazima akuletee Philip Boit, yule Mkenya wa Olimpiki ya baridi ya Nagano 1998 aliyemaliza wa mwisho ski kilomita 10. Kwanza mimi sio Mkenya. Pili, mzee, siku ile Bjørn Dæhlie ameshachukua dhahabu na bado alibaki pale mwisho kwenye baridi akimsubiri Boit afike amkumbatie, mpaka Boit akamwita mwanae Dæhlie. Bingwa alimsubiri wa mwisho, wewe umeshindwa kunijibu swali moja!

Hilo la pili sikulisema. Nimelifikiria nikiwa kwenye gari, ndio yanakujaga hivyo.

Sasa nikiwa mkweli (na sipendi kuwa mkweli leo) yule mama aliyempa mtoto kakao ndiye aliyenieleza vizuri. Paipu ya haidroliki ilipasuka pale pale kwenye kona, mzee akageuza, ila ramani ikaendelea kuonyesha njia nzima. Alikuwa ametoka nyumbani saa tisa usiku, kwasababu theluji ikishasagwa lazima ipate masaa ya kukaza kabla watu hawajaikanyaga, ukiitandaza saa tatu asubuhi inakuwa uji. Halipwi. Mashine mpya ni mamilioni ya kroner, hiyo yao wameinunua ikiwa mtumba na kila mwaka inataka kitu. Na nilivyosimama pale nusu saa nikihesabu, magari kama arobaini yamepaki, waliosimama kwenye kile kibao na simu mkononi niliwaona watatu. Watatu! Na ski zao za bei mbaya, na mbwa juu, ananyea kwenye mfereji.

Kwahiyo sijui. Nyota mbili. Njia nyota tano, mdomo wa mzee sifuri, gawanyeni wenyewe. Ila ile kauli ya "umetoa" bado siimezi, maana mtu anayetoa naye anaruhusiwa kuuliza, hata kanisani mweka hazina anawasomea watu mahesabu.

Yule mama kanipa karatasi, mwezi wa kumi wanaenda kukata vichaka na kukarabati daraja kabla theluji haijashuka. Nimejiandikisha. Sio kwa upendo, msije mkanielewa vibaya. Nataka siku njia ikiishia katikati tena nimuulize yule mzee nikiwa na jembe mkononi, nione atanionyesha koleo gani.

Haya tatu.

Mkienda msiamini ramani, angalieni kama katapila lipo parking. Na choo hakuna, kojoeni nyumbani.