Barakoa ya mpira ya vichujio viwili, baada ya miezi minne

Mimi ni fundi wa faiba, kiwanda kiko Miritini, Mombasa. Kutwa tunalaza vitambaa vya nyuzi za kioo kwenye kalibu na kuvilowesha resini. Resini ya poliesta hutoa mvuke wa stairini, ile harufu kali yenye utamu inayokufuata hadi kitandani. Zamani nilivaa barakoa ya kitambaa. Bure kabisa, mvuke hupita kama maji kwenye chekeche.

Hii ya mpira nimeinunua Mwembe Tayari kwa shilingi 3,500. Muuzaji alitaka kunipa vichujio vyenye mstari mweupe. Hivyo ni vya vumbi tu! Vya mvuke huu vina mstari wa kahawia na herufi A. Nikamwambia, "Kaka, hivi utaniua navyo." Akacheka, akaingia stoo.

Siku ya kwanza sikunusa kitu, hata nikadhani resini imeharibika. Lakini joto la Januari nalo! Jasho hujaa kidevuni, ikifika saa nane lazima utoke nje uivue, uipanguse. Wenye ndevu haiwakai sawasawa. Mimi nimenyoa, na mke wangu hajamaliza kunicheka.

Vichujio ndivyo vinavyokula pesa. Nikianza kusikia harufu, nabadilisha. Usiku navifungia kwenye mfuko usioingiza hewa, maana mkaa ulio ndani yake, unaonasa mvuke, huendelea kuunyonya hata ukivitundika ukutani. Ukanda wa nyuma umeshalegea, nimeupiga fundo.