TAHADHARI: Fundi wa "vioo laini" anayekusanya simu Unguja na Pemba, anachokitaka ni kioo chako cha zamani

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naomba hii isomwe hasa na wenye iPhone za kuanzia X, wenye Samsung za kioo kilichopinda ukingoni, na wenye simu za kukunja.

Kuna kijana anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na stetasi za watu kuwa anatia vioo "laini, orijino, mzigo wa Dubai" kwa bei ambayo fundi yeyote akiisikia anajua haiwezekani. Duka hana. Ukiwa mjini mtakutana Darajani au chini ya maghorofa ya Michenzani, anaichukua simu "kuipeleka juu ofisini", nawe unabaki kumsubiri barazani. Ukiwa huku Pemba anakwambia uitie kwenye boti ya Mkoani, yeye ataipokea Malindi. Na simu inarudi, tena haraka. Hapo ndipo anapowapata watu, maana wengi tumezoea tapeli anayekimbia na mali. Huyu hakimbii. Simu inawaka, ufa hamna, unamlipa na dua juu yake.

Mie ni fundi wa simu hapa Chake Chake, na najua watatokea wa kusema huu ni wivu wa biashara. Haya, msiniletee mie. Pelekeni kwa fundi mwengine mnayemwamini, bora asiwe huyu.

Sasa sikilizeni anachokifanya. Simu ikianguka, mara nyingi kinachopasuka ni kioo cha juu tu. Paneli ya chini yake, yaani ile inayotoa picha, inakuwa nzima: rangi ziko sawa, tachi inaitika. Mwenye simu anaona ufa na anahesabu kwamba kila kitu kimekufa. Kumbe paneli hiyo ina soko lake. Wapo wanaozinunua zikiwa na ufa hivyo hivyo, wanazibandua kioo cha juu kwa mashine, wanabandika kingine kwa gundi maalumu, zinauzwa tena kwa jina la orijino. Huyu bwana anakutoza pesa ya kioo laini, anakutilia cha LCD, aina nyengine ya bei ya chini (tofauti yake naieleza mbele), halafu chako anabaki nacho na kukiuza. Anakula kwako na anakula kwa mnunuzi.

Ukimuuliza kioo cha zamani kiko wapi, jawabu lake ni moja kwa kila mtu: "Kilishakufa, nimekitupa."

Mwalimu mmoja wa skuli aliniletea iPhone yake akilalamika kwamba chaji haimalizi siku tangu atiwe kioo, na usiku chumbani picha nyeusi inaonekana ya kijivu. Alitozwa laki mbili na nusu. Nilipoifungua, ndani mlikuwa na LCD, nene kuliko kilichokuwemo, na ndiyo maana ukingo ulikuwa umeinuka kidogo, ukipitisha ukucha unakwama. Alikuwa ameshampigia yule kijana. Akaambiwa, "Mwalimu, kioo kipya lazima kizoeane na simu, ipe muda." Kioo hakizoeani na simu. Hakuna kitu kama hicho.

Tofauti yenyewe ni hii, na ukiielewa hakuna wa kukubabaisha. LCD ina taa nyuma yake, na taa hiyo inawaka muda wote kioo kikiwa kimewashwa. Ukifungua picha nyeusi, mwanga unachujwa lakini haukatiki wote, ndiyo ukaona kijivu. OLED haina taa ya nyuma, kila nukta inajiwakia yenyewe, na penye weusi nukta zimezimika kabisa. Hiyo inayoitwa laini ni OLED iliyojengwa juu ya plastiki inayostahimili joto kali, polimaidi, badala ya kujengwa juu ya bamba la kioo. Kwa kuwa ni plastiki inapindika. Samsung na LG walianza kutoa simu zenye vioo vya namna hiyo mwaka 2013, na iPhone X ya 2017 ndiyo iPhone ya kwanza kuwa na OLED: chini pale paneli imekunjwa ikaingia nyuma, ndiyo maana ukingo wake mweusi ni mwembamba pande zote. Ukiona baada ya kutengenezewa ukingo wa chini umenenepa, basi huna haja hata ya kuniuliza.

Tachi nayo wanaitumia kudanganyia. Juu ya paneli kuna nyuzi za kupitisha umeme, nyembamba hata jicho halizioni. Kidole kikigusa kinabadilisha chaji ya umeme pale kilipogusa na simu inajua ni wapi. (Ndiyo maana ukucha mtupu haufanyi kitu.) Katika simu nyingi za sasa zenye OLED laini, nyuzi hizo zimewekwa moja kwa moja juu ya paneli, haziondoki peke yake. Kwa hiyo fundi anayekwambia "paneli yako nzima, nimebadilisha tachi tu" kwenye simu ya aina hiyo, muulize ameitoaje.

Niseme na hili ili nisimdhulumu mtu: kioo cha kopi si haramu. Wateja wangu wengi wanachagua LCD kwa sababu mfuko hauruhusu, na ninawatilia. Lakini nawaambia kabla, bei inakuwa ya LCD, na kioo cha zamani nawapa mkononi. Wakitaka kuniuzia, tunapatana.

Kama simu yako ilishapita kwake, angalia hivi. Fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwanga mpaka mwisho, ingia pahala pa giza. Umeme ukikatika ndiyo nafasi yako, na hilo kwetu halina tabu kulipata. Kioo kikiwa kinatoa ukungu wa kijivu, una LCD (iPhone XR, 11 ya kawaida na SE zilitoka na LCD kiwandani, hizo msizihesabu). Kama simu yako ilikuwa inasoma alama ya kidole chini ya kioo na sasa haisomi, huenda sababu ni hiyo hiyo, maana kile kisomeo kinahitaji OLED ili kione kidole. Kwenye Samsung nyingi ukibonyeza *#0*# kama unayepiga simu, unafunguka ukurasa wa majaribio: rangi moja moja, na sehemu ya kupitisha kidole kioo kizima ukaona panapokataa. Wenye iPhone 11 na kuendelea, ingieni setingi kwenye taarifa za simu. Kukiwa na ujumbe kwamba kioo hakikuthibitishwa kuwa halisi, basi hicho si kilichotoka nacho kiwandani. Yeye huwaambia watu ujumbe huo umeletwa na apudeti. Apudeti haibadilishi kioo.

Hiyo ni biashara yake ya kwanza. Ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa pesa zake ni nyingi: anauza simu za kukunja.

Kijana anayepokea wageni kule Nungwi alinunua moja kwake kwa laki sita. Alikabidhiwa ikiwa imefunguliwa, na akausiwa asiikunje-kunje mpaka iwe imechajiwa mara kadhaa. Simu ya kukunja, usiikunje! Siku ya pili mstari mweusi ulipita katikati, siku ya nne ukatoka mfano wa wino umemwagika, na nusu ya kulia haikuitika tena. Jawabu la muuzaji: umeipeleka ufukweni, umeitia mchanga wewe.

Mchanga ni kweli unaua simu hizi, sikatai. Galaxy Z Fold3 ya 2021 ilipewa daraja la IPX8, la kustahimili maji, na hiyo X maana yake kwa upande wa vumbi haikupimwa. Chembe ikiingia kwenye bawaba unaikandamiza kwenye kioo kila unapofunga. Lakini simu ile nilipoiangalia haikuwa na mchanga. Ilichokuwa nacho ni protekta ya kawaida ya dukani, imekatwa kwa mkono, imebandikwa pahala pa ile nailoni ya kiwandani inayolinda kioo cha ndani.

Ile nailoni si ya kubandua. Galaxy Fold ya kwanza ilipopewa waandishi waijaribu, Aprili 2019, baadhi yao waliibandua wakidhani ni ya kufungia bidhaa, vioo vikafa, na Samsung wakaahirisha kuiuza hadi Septemba mwaka ule. Z Flip ya 2020 ilikuja na kioo chembamba mno, lakini juu yake bado kuna plastiki ya kukilinda. Simu iliyobanduliwa na kubandikwa nyingine ni simu iliyoumia. Huyu anazipata zikiwa mbioni kufa, anazipamba, anazitoa kabla hazijazimika. Na kioo cha ndani ndicho kifaa ghali kuliko vyote kwenye simu ya kukunja, kwa hiyo kuitengeneza baadaye ni karibu ununue nyingine.

Ukitaka kununua ya namna hii kwa mtu yeyote, ikunje na uifungue mara nyingi mbele yake, polepole, taa ikiwa imeelekezwa kwa upande. Pitisha kidole juu ya mkunjo ukiwa na ukurasa wa kuchora umefunguliwa, mstari usikatike. Mfereji mdogo katikati ni kawaida, hata mpya zinao. Malengelenge na ukingo wa nailoni ulionyanyuka si kawaida. Halafu bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, na uitume kwa ujumbe kwenda 15090 ukaone inakujia simu ya aina gani. Namba hiyo ya 15090 ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, waliozima simu bandia Juni 2016. Yule kijana wa Nungwi namba ya boksi na ya simu zilikuwa mbali mbali, na boksi lilikuwa la simu nyengine kabisa.

Jina lake sitaji hapa. Waliotapeliwa wanalo, na wawili wameshakwenda polisi. Wengine nawashauri pia Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, kwani kulinda mtumiaji ni kazi yao. Nendeni na ujumbe wa WhatsApp, sauti zake, na ushahidi wa pesa mlizotuma kwa simu. Msifute kitu kwa hasira. Laini ya simu anabadilisha, kwa hiyo msikariri namba, karirini maneno: "vioo laini", "mzigo wa Dubai", "nimekitupa".

Na kama simu yako iko kwake hivi sasa unaposoma, usimalizie pesa. Mwambie akupigie picha ya kioo chako cha zamani sasa hivi, kikiwa pembeni ya simu yako, na kirudi pamoja nayo kwenye boti hiyo hiyo.