Kahawa ya koperative za Kalehe: kikombe kizuri, mtihani uko kwenye mizani

Paketi ya kahawa ya koperative za Kalehe, eneo la Kivu Kusini huku Kongo, inayouzwa Bukavu ina kazi mbili: kunyweka, na kuonyesha kama makabila ya Bahavu, Batembo, Bahunde, Bashi na wasemaji wa Kinyarwanda wanaweza kuuza pamoja katika soko ambalo bei yake inapangwa New York. Tuanze na kikombe, maana kahawa mbaya haiokolewi na hoja nzuri.

Ni arabika, nyingi ni ya mbegu ya Bourbon, ya milima inayopanda kutoka Ziwa Kivu, ambalo lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Ikikaangwa wastani ina uchachu safi wa machungwa na utamu unaobaki mdomoni. Ikikaangwa hadi ing'ae mafuta, hayo yote yanapotea, na kwa maoni yetu wakaangaji wengi wa mjini wanaiunguza ili kuficha kahawa isiyochambuliwa. Kasoro kubwa ya eneo letu ni ladha ya kiazi kibichi. Inahusishwa na antestia, mdudu anayetoboa tunda na kuacha nafasi ya bakteria kuingia. Punje moja inatosha kuharibu kikombe, na kwa macho ni vigumu kuitambua. Harufu inatoka wakati wa kusaga. Kwa hiyo nunua punje nzima, saga ya kikombe kimoja kimoja, na ukisikia kiazi mwaga fungu hilo tu, kisha pangusa mashine. Gramu 60 kwa lita moja ya maji zinatosha.

Usafi huo unatengenezwa kituoni, yaani kituo cha koperative cha kumenya na kuosha kahawa. Matunda mekundu tu ndiyo yanapokelewa, yanatiwa majini ili mabovu yaelee, yanamenywa siku ileile, yanachachuka saa 12 hadi 24, yanaoshwa, kisha yanaanikwa kwenye meza za waya wiki mbili hivi hadi unyevu ushuke kwenye asilimia 11 au 12. Yakilala usiku mzima ndani ya gunia kabla ya kumenywa, ladha inakuwa ya pombe iliyoharibika, na hakuna fundi wa kuirudisha. Mkulima mmoja mwenye miti mia mbili hawezi kujinunulia mashine, mabeseni na meza hizo. Hapo ndipo jirani wa lugha nyingine anapokuwa wa lazima.

Historia inaeleza kwa nini. Mfumo wa kimataifa wa kugawiana viwango vya mauzo ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, kisha vita vikaja. Wakulima wakawa wanavusha kahawa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, na wengi walizama. Koperative ya Sopacdi ya Minova ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika hali hiyo, ikiwakusanya wakulima wa makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa wasiwasi. Sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, inayoongoza koperative hapa Kongo inadai wanachama wawe na kitu kinachowaunganisha, kama kazi au lengo; kabila si sharti. Watu 5 wanatosha kwa muundo mwepesi, 15 kwa ule wenye baraza la uongozi, na kila mtu ana kura moja, awe na hisa moja au mia.

Lakini kura ni ya mara chache. Mizani ni ya kila jioni ya msimu. Kilo sita hadi saba za matunda zinatoa kilo moja ya buni ghafi, basi mpimaji akikata nusu kilo kwenye kila ndoo, mwisho wa mwezi ni fedha za kununua mbuzi. Na mpimaji akiwa wa kabila moja na mkatwaji wa lingine, hakuna atakayesema ni hesabu tu. Kituo kizuri kinaweka mizani mahali pa wazi, kinataja uzito kwa sauti, kinaandika risiti mbili, na kinabadilisha wapimaji kati ya vijiji. Tunaliamini jambo hili kuliko semina yoyote ya amani.

Bei sasa. Agosti 2023, bei ya chini ya Fairtrade, mfumo wa biashara ya haki, kwa arabika iliyooshwa iliwekwa kuwa dola 1.80 kwa ratili, yaani karibu dola 3.97 kwa kilo ya buni, pamoja na senti 20 kwa ratili ambazo mkutano mkuu unapigia kura matumizi yake, angalau senti 5 zikienda kwenye ubora na uzalishaji. Gawanya hizo dola 3.97 kwa kilo saba za matunda: ni senti 57 hivi kwa kilo ya matunda, kabla ya usafiri, kukoboa, magunia na karatasi za ONAPAC, ofisi ya serikali ya mazao ya kilimo. Soko likiwa chini, kinga hiyo inaonekana. Likipanda, ndipo koperative inapotetemeka. Mwanzoni mwa 2025 New York ilipita dola 4 kwa ratili. Mchuuzi anakuja mlangoni na noti mkononi, koperative inasema subiri malipo ya pili, baada ya kahawa kuuzwa. Wakati huohuo benki za Goma na Bukavu zilifungwa kwa sababu ya vita, na mtaji wa msimu ukawa kitendawili. Mwanachama anayeuza pembeni hajasaliti mtu; ana karo ya shule. Dawa ni fedha za kununulia kuwa tayari kabla ya Machi, na malipo ya kwanza yasiyo mbali sana na bei ya mchuuzi.

Kikombe tunakipa nyota nne kati ya tano. Mpango wenyewe tatu: kumbukumbu za mikutano mara nyingi ni Kifaransa kitupu wakati wapiga kura wanazungumza Kihavu na Kinyarwanda, na kadi za uanachama bado zinaandikwa jina la mume hata pale mke ndiye anayevuna. Mnunuzi atafute tarehe ya kukaangwa na jina la kituo kwenye paketi. Anayetaka kujiunga aende kituoni saa kumi jioni, wakati wa kupima, asimame karibu na mizani.