Duka la dawa la Langoni lililouliza kabla ya kuuza

Niliingia katika duka hili dogo la dawa, mtaa wa Langoni hapa Lamu, nikiwa nimefuatana na mamangu mwenye umri wa miaka 74, ambaye siku hizi huchanganya majina ya wajukuu, na ambaye champali humvuka njiani akaendelea kutembea asijue, kwa ganzi ya miguu, kwamba mguu mmoja u mtupu. Mkononi nilikuwa na kopo la vitamini B nililouziwa kwingine, ambako niliambiwa tu kwamba ni dawa ya kumbukumbu.

Mfamasia alimwamkia mama, akampa kiti, kisha akaligeuza kopo na kusoma maandishi madogo ya ubavuni hadi kidole chake kikatua kwenye B6: miligramu 200 kwa kila kidonge. Alitueleza kwamba kiasi hicho, kikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ileile tuliyoikimbia. Baadaye akauliza mama anatumia dawa gani nyingine. Nilipotaja metfomini, anayoitumia miaka mingi kwa ajili ya kisukari, aliinua kichwa, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wa B12, vitamini ambayo upungufu wake huweza kuleta ganzi na usahaulifu, na uzeeni asidi ya tumbo nayo hupungua, hata vitamini iliyomo katika chakula isitoke vizuri. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayekula samaki karibu kila siku anaweza kupungukiwa na B12.

Kilichonipa imani zaidi ni kwamba hakutia chumvi. Alitaja utafiti wa Oxford uliotolewa mwaka 2010, ambapo wazee wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu walipewa B6, B12 na asidi ya foliki kwa miaka miwili, na ubongo wao ukasinyaa kwa asilimia 0.76 kwa mwaka, dhidi ya asilimia 1.08 kwa wale ambao hawakupewa. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye homosisteini nyingi katika damu, yaani kemikali ambayo huongezeka vitamini hizo zinapopungua. Hakuficha kwamba majumuisho ya tafiti mbalimbali za vitamini hizo, ya mwaka 2014, yaliyohusisha watu wapatao 22,000, hayakuona faida kwa akili za wazee kwa jumla. Kwa hiyo alikataa kutuuzia chochote kabla ya mama kupimwa damu. Kipimo kilionyesha B12 iko chini, na daktari akamwanzishia sindano.

Kasoro ipo: nafasi ni finyu, na anayesubiri nyuma yako husikia habari zote za mgonjwa wako, jambo lisilomstahiki mzee.

Sasa ni miezi mitatu. Ganzi imepungua, na wiki iliyopita mama alisimama mwenyewe kuirudia champali yake. Majina ya wajukuu bado humponyoka. Atakayekwenda hapo na achukue dawa zote za mzee wake, pamoja na zile za zamani, kwa maana ataulizwa moja baada ya nyingine.