Waliniwekea mto chini ya goti

Kuna kosa moja ambalo siwezi kuwasamehe ile kliniki ya mazoezi: mto. Mtu katoka kufanyiwa upasuaji wa kano ya goti, ile wanasoka huiita ACL, anatembelea magongo mawili, kalipia kikao kizima, halafu mtaalamu anamlaza na kumwekea mto chini ya goti "apumzike". Goti likikunjwa kidogo haliumi, ni kweli, na huo ndio mtego wenyewe. Wiki mbili za mwanzo kazi kubwa ni goti kunyooka hadi nyuzi 0, sawa na la upande wa pili. Ukilizoesha kukaa limekunjwa, kovu linaweza kujaa mbele ya kano mpya, urudishwe thieta kulikwangua.

Kinachotakiwa ni taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, goti lining'inie wazi, dakika 10, mara 4 kwa siku. Halafu kaza msuli wa mbele wa paja, hesabu 5, achia. Mara 10, raundi 3. Ukinyanyua mguu mzima na goti likajikunja lenyewe, huo msuli bado umelala, rudi kwenye kukaza.

Nikamuuliza yule mtaalamu kwa adabu kuhusu mto. Macho kwenye simu, akajibu: "Kaka, kwani wewe daktari?" Akabandika mashine ya umeme dakika 20, akaondoka zake. Na vibandiko kaviweka nyuma ya paja! Msuli uliolala uko mbele, na huko nyuma ndiko walikokata kano ya kutengenezea hiyo mpya.

Ila nisiwaonee. Yule binti aliye kwenye mafunzo kazini anaijua kazi. Ile pia ya goti, kifupa cha mbele, anaisogeza kwa vidole, juu chini, kushoto kulia, isigande. Anapima nyuzi kila kikao na kuandika. Kwake nilitaka kuwapa nyota tatu.

Halafu nakumbuka wiki ya sita hivi, yule bwana: "Mbona unatembea freshi, anza kukimbia." Jamani! Kipindi hicho uvimbe umepungua na maumivu yameisha, lakini kano ndiyo kwanza laini, mwili unaijenga upya. Mpira ni baada ya miezi 9, tena nguvu ya mguu ikifika asilimia 90 ya mwenzake.

Nyota moja. Ukilazimika kwenda, waulize mapokezi binti yuko zamu lini.